Televisheni Iliyoanikwa Kichanjani

Nimeuza bima wilayani Kakamega kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyenizuia nisimletee pesa zake. Wengine walinifuata hadi kanisani. Huyu mmoja aliitwa Lazarus Osundwa wa Ekero, na hadi leo nikimkumbuka sijui kama nicheke au nimdai nauli zangu.

Osundwa alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari. Trekta zilipoleta miwa zilipanda na trela zake juu ya mizani, naye ndani ya kibanda chenye dirisha dogo akaandika uzito. Kazi hiyo ina marafiki wengi. Mkulima mmoja alimpelekea kuku aliyefungwa miguu ili tani zake ziongezeke kidogo. Osundwa alimweka kuku yule juu ya mizani ya trekta, akatazama mshale, mshale haukusogea. Akamrudishia mwenyewe kupitia dirishani na kumwambia kwamba hapo hakuna kitu. Hakuwa akifanya mzaha. Ndivyo alivyokuwa siku zote.

Ilikuwa ile miaka ya themanini ambayo miwa ililipa. Mtu mwenye ekari tatu aliweza kuezeka mabati, kununua baiskeli na kusomesha mtoto, na mwingine aliongeza mke na kujuta kabla ya msimu uliofuata. Osundwa alikuwa na ekari zake tatu juu ya mshahara. Mavuno ya mwaka ule yalipolipwa alifanya mambo mawili. Alinunua televisheni ya rangi, deki ya video na redio kaseti yenye spika mbili, vyote siku moja, katika duka moja mjini Kakamega. Kisha akapeleka ng'ombe wa mwisho wa mahari huko Navakholo, kwa wakwe zake.

Ng'ombe huyo alikuwa amechelewa miaka kumi na minne. Zipporah, mke wa Osundwa, alitoka kwao bila kuaga akiwa amebakisha mwaka mmoja chuo cha ualimu, na mama yake, Khalayi, alimeza uchungu huo bila kuutema. Alisema hatakanyaga nyumba ya mtu huyo mpaka mahari iishe, na alisema mara moja tu. Mjukuu wake Ayuma akazaliwa, bibi hakuja. Akabatizwa, bibi hakuja. Zipporah alikuwa mtu wa kucheka, lakini ukimtajia Navakholo alianza kutafuta kitu cha kupangusa.

Mimi niliingia katika habari hii kupitia ile televisheni. Niliiona ikishushwa kwenye pikapu, nikavuka barabara. Nilimweleza Osundwa habari za wezi, moto na maji, nikamweleza kwamba kwa ada ndogo ya mwaka angelala usingizi. Aliusoma mkataba wote, hata yale maandishi madogo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyasoma, akatia sahihi. Akawa mtu wa kwanza Ekero kuwekea bima vitu vya nyumbani. Wenzake walisema watangoja waone. Walitaka Osundwa aibiwe au aungue ndipo waamini, na sisemi walimwombea mabaya, ila waliniuliza hali yake mara kwa mara.

Januari, Khalayi akatuma habari kwamba anakuja.

Hapa niseme jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wala yeye halitamki jina la mama huyo. Si uadui, ni heshima, na heshima yenyewe ina kazi nyingi. Kwa hiyo siku ya mgeni Osundwa aliondoka alfajiri kwenda kwenye mizani, ingawa zamu yake ilianza saa tano. Khalayi alifika saa nne, akakuta nyumba haina mkwe, kama ilivyopaswa.

Asubuhi hiyo hiyo shamba la jirani lilichomwa ili miwa ikatwe. Aliyekaa Ekero anajua yale majivu meusi yanayoanguka polepole kwenye nguo, kwenye maziwa, kwenye kichwa cha mtu mwenye mvi akaonekana kijana. Nyumba ya Osundwa haikuwa na dari. Majivu yaliingia chini ya mabati na kutua juu ya kila kitu, na hasa juu ya vile vitambaa vyeupe ambavyo Zipporah alikuwa amevifuma kwa mkono kufunika televisheni, deki na redio. Zipporah alikwenda sokoni kununua nyama na, nisipokosea, sukari. Alimwacha mama yake ameketi kwenye kochi na chupa ya chai.

Khalayi hakutoka Navakholo hadi Ekero, baada ya miaka kumi na minne, ili akae kwenye kochi katika nyumba chafu ya binti yake.

Zipporah aliporudi alikuta vitambaa vimefuliwa na kuanikwa kwenye ua. Alifurahi. Kisha akageuka upande wa jikoni, akaona kichanja cha vyombo. Sufuria zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa. Kando ya sufuria, mdomo ukiangalia chini ili maji yachuruzike, ilikuwepo televisheni. Deki ilisimama wima kama sahani. Redio kaseti ilikuwa imefunguliwa vile vimilango viwili vya kanda, kila kimoja kikitoa povu.

"Huku nyuma kulikuwa na matundu, majivu imeingia yote," Khalayi alimwambia, akijifuta mikono. "Nimemwagia maji mpaka ikatoka safi. Hii vitu hamuoshangi?"

Zipporah aliniambia baadaye kwamba alifungua mdomo, akaona uso wa mama yake, akaufunga. Uso ule alikuwa hajauona tangu akiwa msichana. Akajibu, "Tunaoshanga, mama. Lakini si vizuri hivyo."

Osundwa alirudi jioni. Mgeni alikuwa bado yupo, kwa hiyo alisimama nje ya ua, upande wa barabara, ambako desturi ilimruhusu kusimama. Kutoka hapo kichanja kinaonekana vizuri sana. Alikitazama kwa muda. Mkewe alitoka akasimama upande wa ndani wa ua, wakaongea huku kila mmoja akitazama majani.

"Mama ameosha," Zipporah akasema.

"Naona."

"Amefurahi, Baba Ayuma."

Osundwa akachuma jani moja la ua. Alikuwa amelipia vitu vile kwa jasho la msimu mzima, na hata jirani zake walikuwa hawajamaliza zamu za kuja kuviona. Mwishowe akasema, "Mwambie asante."

Zipporah akaenda jikoni, akasema, "Baba Ayuma anasema asante."

"Mwambie si kitu," Khalayi akajibu. Alilala jikoni usiku huo, na asubuhi akarudi Navakholo na kilo mbili za nyama, akiahidi kurudi Pasaka ili aone hizo picha, maana safari hii televisheni ilikuwa inakauka.

Ilikauka. Fundi wa Mumias aliifungua, akaiwasha, ikatoa moshi na harufu ya sabuni. Deki na redio hazikutoa hata moshi.

Nilipopata habari nilifurahi, na sitaficha. Nilipanda gari hadi Ekero na fomu ya madai mkobani. Hatimaye bima ingelipa mbele ya macho ya watu. Tena nilikuwa nimepita ofisini mjini Kakamega kumwuliza Teresa, mama aliyeshughulikia madai, mtu asiyetabasamu kabla ya saa kumi. Teresa alisikiliza yote bila kubadilika uso. Akaniambia kwamba mgeni akiharibu kitu kwa bahati mbaya kampuni inalipa, mradi mgeni mwenyewe aeleze ilivyokuwa na atie sahihi. Madai yafike ndani ya siku sitini.

"Kwa hivyo ni rahisi," nilimwambia Osundwa, tukiwa tumeketi sebuleni. Mbele yetu ilikuwa televisheni, imerudishwa mahali pake chini ya kitambaa kilicho cheupe kuliko wakati wowote. "Ujaze hapa, wewe mwandishi mzuri."

Alijaza jina, tarehe, thamani, nambari za vyombo, kwa ule mwandiko wake wa mizani uliosimama wima. Akafika kipengele cha tisa. Kilisema: jina na sahihi ya aliyesababisha hasara. Kalamu ikasimama.

"Siwezi kuandika hii jina," akasema.

"Desturi inakataza kutamka. Kuandika si kutamka."

"Ukisoma si utatamka?"

"Basi nitaandika mimi."

"Na sahihi atatia nani?" Osundwa akaniuliza. "Utampelekea karatasi? Utamwambia nini, Sylvanus? Kwamba alikuja kwa binti yake mara ya kwanza, na sasa mkwe wake anamtafuta na karatasi?"

Nilimweleza kwamba hakuna atakayemshtaki, ni utaratibu tu. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyomsikiliza yule wa kuku. Nikamwambia basi tuandike kwamba ilikuwa mvua. Nasema haya nikijua yananivunjia heshima, lakini niliyasema. Osundwa alitazama nje dirishani. Ardhi ilikuwa imepasuka.

"Mvua gani, Januari?" akauliza. "Miaka kumi na moja naandika uzito wa vitu vya watu. Nikiandika mvua hapa, kesho nitaandika nini kule?"

Zipporah alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Akaiweka mezani. "Hiyo pesa ni mingi," akasema. "Hata mimi naitaka. Lakini mama akijua aliharibu, hatarudi. Mimi namjua. Atakaa Navakholo na aibu yake mpaka afe, na mimi nitakuwa na televisheni." Kisha akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Mimi nilihesabu siku, nikaona zimebaki thelathini na tatu. Nilikasirika. Niliona kwamba hawa wawili wanajiponza kwa adabu yao, na mimi wananiponza pamoja nao, kwa sababu Ekero nzima ilikuwa inaniuliza kama Osundwa amelipwa. Nikajiambia kwamba mtu mzima huelewa mambo akielezwa vizuri. Jumamosi iliyofuata, bila kumwambia yeyote, niliweka fomu mkobani, nikaazima baiskeli na kwenda Navakholo.

Khalayi alinipokea kama mtoto wake. Nilimwita Kukhu, nyanya, kama tunavyowaita mama wote wa umri ule. Nikamwambia ninatoka Ekero, ni rafiki wa nyumba ya Osundwa. Kusikia hivyo aliagiza ingokho akamatwe, na nilipojaribu kukataa kuku huyo alikuwa tayari amenyamaza. Tulipokuwa tukingoja obusuma, ugali wetu, uive alinieleza ile safari yote. Alinieleza kochi, mabati, majivu. Alinieleza alivyoosha, hatua kwa hatua, hata alivyotumia mti wa mswaki kutoa masizi kwenye yale matundu ya nyuma.

"Mkwe wangu alisimama pale nje ya ua," akasema, "akanitumia asante. Kwa ile miaka yote nilikuwa nafikiri huyo ni mtu mbaya. Mtu mbaya hawezi kuona vyombo imeoshwa akasema asante."

Fomu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa magotini kwangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeuza bima miaka kumi na tisa.

"Na wewe unafanyanga kazi gani?" akaniuliza.

"Bima, Kukhu."

"Hiyo ni nini?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema ninauza mbegu. Lakini mazoea ni kitu kibaya, nikafungua mdomo na maneno yakajipanga yenyewe. Nikamweleza kwamba mtu akiharibikiwa na kitu chake kwa moto, kwa wezi au kwa maji, sisi huenda kuuliza ilikuwaje, kisha tunamlipa.

Khalayi alikuwa anachambua mboga. Mikono iliendelea. "Kwa maji," akasema.

"Au moto," nikasema haraka.

"Na mnaenda kuuliza nani?"

"Inategemea."

Aliutazama mkoba, kisha baiskeli, kisha ule mwendo wote wa barabara ya murram niliotoka nao. "Na hapa Navakholo nani ameharibikiwa?"

"Hakuna, Kukhu. Nimekuja kusalimia tu."

"Karibu basi," akasema, na akaniwekea paja. Nilikula lote. Sikumbuki ladha yake. Nikapanda baiskeli na fomu yangu, kipengele cha tisa kikiwa kitupu kama kilivyokuja.

Sikumwambia Osundwa. Siku sitini zikaisha. Mwezi wa tatu ulikuwa wa kuhuisha mkataba wake, nami nilikwenda nikijua atanifukuza, na ningemwelewa. Badala yake alilipa ada ya vitu vingine vya nyumba, ila akaomba ile orodha ya vitu. Akachukua rula na kukata vitu vitatu, televisheni, deki na redio kaseti, kila kimoja mstari mmoja ulionyooka. Kulikuwa na safu ya kuandika sababu ya kuondoa. Hapo akaandika neno moja: zimeoshwa.

Teresa alinipigia simu kuuliza maana yake. Nilimjibu kwamba maana yake ni hiyo hiyo. Nikamsikia akipiga muhuri.

Jumatatu ya Pasaka, Khalayi akaja. Zipporah alikuwa amenialika, na nadhani alitaka mtu wa kusaidia kudanganya. Mpango wao ulikuwa mmoja tu, kusema stima imepotea. Osundwa hakuweza kuusema mwenyewe, kwa hiyo alikwenda kusimama nje ya ua tangu mchana, upande wa barabara, na gazeti. Mimi niliketi sebuleni na wageni wengine wawili wa kanisani, tukila ndizi.

Khalayi aliketi kwenye kochi lile lile, akiitazama televisheni. Zipporah akasema, "Mama, leo hatutaona picha. Stima imepotea tangu asubuhi."

Nyumba ya pili, hatua kama thelathini hivi, redio ya jirani, ile ya kutumia stima, ilikuwa ikiimba kwaya kwa sauti ya kutosha watu wa Mumias. Tuliisikia sote. Mmoja wa wale wa kanisani alianza kusema kitu, nikamsogezea ndizi.

Khalayi alisikiliza kwaya ile hadi wimbo ukaisha. "Pole," akasema. "Stima inasumbuanga."

Baada ya chakula aliinuka, akakusanya sahani zote, akatoka kuziosha. Aliosha sufuria, vikombe, sinia, hata chupa ya chai, akavipanga kichanjani. Zipporah alisimama nyuma yake akiwa hajui aweke wapi mikono. Kisha Khalayi akarudi sebuleni. Upepo ulikuwa umeleta majivu tena, kidogo tu, kutoka shamba la mbali. Aliikaribia televisheni. Akakiondoa kile kitambaa cha kufuma, akakikung'uta nje ya mlango, akarudi. Halafu akaikausha mikono yake yote miwili kwenye gauni, kidole baada ya kidole, akachukua ncha kavu ya leso yake na kuipangusa televisheni taratibu, mbele na kando. Huku nyuma, kwenye matundu, hakugusa. Akakirudisha kitambaa na kukinyoosha.

Zipporah alitoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya jikoni, kilio kisicho na sauti kubwa.

Khalayi aliketi, akaniangalia mimi moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtu wa bima," akasema, "umwambie mkwe wangu kwamba nitakujanga kila Pasaka, stima iwepo isiwepo. Na wewe usikuje Navakholo tena bila sababu. Nimebakisha kuku wawili."

Nikatoka hadi uani, nikampa Osundwa ule ujumbe wote, pamoja na ile sehemu ya kuku, na hivyo akajua kwamba nilikwenda. Alikunja gazeti lake mara nne. Nilingoja anitukane, na ilikuwa haki yake.

"Amepangusa na nini?" akauliza.

"Na leso. Kavu."

Aligeuka akatazama kichanja, ambako safari hii kulikuwa na vyombo vya kulia tu. Akabaki ameshika ua kwa mkono mmoja, machozi yakimlengalenga, naye hakujishughulisha kuyafuta.

"Mwambie asante," akasema, nami nikarudi ndani kumwambia.